Nimeruka dhamana Tandahimba, nirudije nyumbani?

SWALI: Shikamoo Wakili. Kwetu ni Tandahimba, kwa sasa nipo Mbagala. Msimu wa korosho wa mwaka juzi mfanyabiashara mmoja alinipa sh. 3,200,000 nimkusanyie mzigo vijijini. Mzigo haukutimia, fedha nyingine zikaliwa na madeni yangu, akanipeleka polisi. Nikafikishwa Mahakama ya Wilaya kwa kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mjomba akanidhamini, nikahudhuria mara 4. Mara ya 5 mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji huku Dar na hali yake haikuwa nzuri, nikaja kumwuguza. Tarehe ikapita, na iliyofuata ikapita, nikaogopa kurudi. Sasa ni miezi 8. Mjomba amepelekewa wito wa mahakama, na nasikia hati ya kunikamata imetoka. Jamaa mmoja anasema nimrushie laki 3 alipoteze faili. Dada anasema nitulie, hati ikipitisha mwaka inakufa. Juzi baba amefariki, amezikwa sipo. Arobaini ni mwezi ujao na mimi ndiye mkubwa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa baba kuzikwa ukiwa mbali.

Nianze na dada yako, kwa kuwa ushauri wake umetoka kwenye upendo na ndiyo maana ni rahisi kuufuata. Hati ya kukamatwa haifi kwa umri. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, inasema hati hiyo hubaki hai mpaka itekelezwe, yaani ukamatwe, au mpaka mahakama iliyoitoa iifute. Haina mwaka mmoja wala mitano. Hakimu aliyeisaini akihamishiwa Liwale inabaki palepale, maana ni hati ya mahakama, si mali yake. Wala haiishii mpakani mwa wilaya. Mbagala wanaweza kukukamata nayo kama ambavyo wangekukamata Kitama au Mahuta.

Kinachowadanganya watu ni ukimya. Polisi hawaji kila asubuhi kugonga mlango. Askari aliyekabidhiwa hati anahamishwa, karatasi inalala kwenye jalada, miezi inakatika, mtu anaanza kutembea kifua mbele. Halafu siku moja anakamatwa kwenye vurugu za kijiweni ambazo hata hazimhusu, au anakwenda kituoni kwa miguu yake kuripoti simu iliyoibiwa, na kuna mtu pale analikumbuka jina lake. Niliwahi kumtetea mzee mmoja wa Nanyumbu aliyevuka Ruvuma akakaa Msumbiji miaka 6. Alirudi siku binti yake anatoka unyagoni. Askari kanzu wawili walikula naye wali wa sherehe mpaka wakanawa mikono, ndipo wakamwomba watoke nje kidogo. Kesi yenyewe ilikuwa ya ugomvi wa kilabuni, ambayo huenda ingeisha kwa faini. Akaisubiri hukumu akiwa mahabusu, kwa sababu hapakuwa na hakimu wa kumwamini tena.

Sasa tuhakikishe kama hiyo hati ipo kweli, maana "nasikia" ya kijiweni huwa inachanganya karatasi tofauti. Kuna RB, ambayo ni namba tu ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo cha polisi. Mtu akikutishia kwamba "nina RB yako", hajashika hati ya mahakama, ingawa kwa makosa mengi polisi wana uwezo wa kukukamata hata bila hati. Kuna wito, au samansi kama tulivyozoea kuuita, unaokutaka ufike mahali fulani tarehe fulani. Inaonekana mjomba wako amepata huo. Hati ya kukamatwa yenyewe ina saini ya hakimu na muhuri wa mahakama, inakutaja kwa jina au kwa maelezo ya kukutambulisha, inataja kosa kwa ufupi, na inaamuru ukamatwe upelekwe mbele ya mahakama. Askari anayekukamata nayo anapaswa kukueleza kilichomo, na ukiomba kuiona akuonyeshe. Omba kwa adabu. Hapo si pahali pa kubishana sheria.

Namba ya shauri lako ipo kwenye nakala ya hati ya mashtaka, na mjomba anaweza kuwa nayo kwenye karatasi ya dhamana. Kwa namba hiyo mtu aende masijala ya mahakama akaulize shauri limefikia wapi. Ndugu anaweza kwenda, ila wakili anafaa zaidi kwa sababu ataomba kulisoma jalada lenyewe, na jalada lina habari ambazo karani hatazitamka dirishani. Jambo la kutazama ni moja ya hali tatu. Ya kwanza, na ndiyo ninayoidhania, ni kwamba shauri bado lipo, linaahirishwa kusubiri ukamatwe. Ya pili ni kwamba upande wa mashtaka uliliondoa. Hiyo ni habari njema ya nusunusu, kwa kuwa shauri lililoondolewa kabla hujaanza kujitetea linaweza kufunguliwa upya. Ya tatu ni ile ya kutisha: kwamba mahakama iliendelea kusikiliza mashahidi bila wewe, ikakutia hatiani. Sheria inaruhusu hivyo pale mshtakiwa anapokosa kufika baada ya shauri kuahirishwa. Ikiwa ndivyo, usikate tamaa moja kwa moja. Mahakama hiyohiyo inaweza kuitengua hatia ikiridhika kwamba ulikosa kufika kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wako, na kwamba una utetezi wenye uzito. Mambo hayo mawili yote yawepo. Hapo ndipo hutakiwi kabisa kwenda bila wakili.

Kabla sijasahau, huyo wa laki 3. Msimwite "jamaa", ana jina lake huku kwetu: kishoka. Faili la shauri la jinai halipo mahali pamoja. Lipo la mahakama, lipo la polisi, lipo la Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na siku hizi mashauri yamo pia kwenye mfumo wa kompyuta wa Mahakama. Hata akimpata wa kulificha moja, hati yako inaendelea kuishi kwenye mengine, na wewe umeongeza kosa la rushwa, ambalo humbana anayetoa kama linavyombana anayepokea. Huyu hana tofauti na wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ukitaka kumripoti, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Na yeyote atakayejiita wakili, mwulize jina lake kamili ulitazame kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Wakili halisi hachukii kuulizwa.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo wilayani. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kukutetea, lakini kukuandikia maombi, kukufuatilia masijala na kukuunganisha na wakili wa msaada, hayo wanaweza. Na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo maelezo yako hayahitaji mtu wa kukukolezea Kiingereza.

Sasa kurudi kwenyewe. Rudi mwenyewe, kabla hujaletwa. Hati inaamuru ufikishwe mbele ya mahakama. Ukijifikisha, umetimiza kilichotakiwa, tena bila pingu wala kuzungushwa mahabusu za njiani. Ukikamatiwa Mbagala utasubiri askari wa kukusindikiza na usafiri wa kukushusha mpaka kusini, na ukifika, mbele ya hakimu wewe ni mtu aliyekamatwa. Anayejileta husimama kizimbani na hoja moja mkononi ambayo hakuna wakili awezaye kumtungia, kwamba amekuja kwa hiari.

Usije Ijumaa. Watu wengi hupanda basi Alhamisi usiku ili wamalize mambo kabla ya wikiendi, na wikiendi ndiyo inawamaliza. Mahakama ikishindwa kukusikiliza Ijumaa, utalala ndani mpaka Jumatatu bila mtu wa kumwomba. Fika Jumapili jioni, lala kimya, usiwapitie washikaji wa stendi. Jumatatu saa 2 asubuhi uwe kwenye viwanja vya mahakama na wakili au msaidizi wa kisheria, mjomba akiwa pembeni yako. Wakili wako awe ameshaongea na karani na mwendesha mashtaka siku chache kabla, ili jalada litafutwe na liitwe siku hiyo hata kama haikuwa tarehe yake. Hili watu wanalipuuza. Mshtakiwa anajitokeza bila taarifa, jalada halionekani, hakimu yuko kwenye kikao kingine, na mtu aliyekuja kujisalimisha anakabidhiwa polisi wamtunze mpaka kesho.

Njoo na karatasi: fomu ya kuruhusiwa hospitali ya mkeo, kadi ya kliniki, tangazo la kizazi la mtoto, risiti za dawa, tiketi za basi kama ulizihifadhi. Zipange kwa tarehe, kisha zilinganishe na zile tarehe 2 ulizokosa. Nakwambia sasa, kabla hakimu hajakwambia: karatasi hizo zitafunika wiki tatu, pengine mwezi. Hazitafunika miezi 8. Mwendesha mashtaka akiwa macho, swali lake la kwanza litakuwa, "Na baada ya mkeo kuruhusiwa?" Usitafute ugonjwa mwingine wa kujazia pengo. Sema ukweli, kwamba uliogopa, ukachelewa, na kila siku iliyopita ikaongeza woga. Mahakimu wameusikia uongo wa kila aina, wengine wana sikio kali kuliko fundi wa redio. Woga wanaujua, na haumkasirishi hakimu kama cheti cha kughushi, ambacho ni kosa jingine kabisa.

Na eleza sababu za kutofika tu. Usianze kusimulia kesi. Nimewaona vijana wanaoulizwa kwa nini hawakuhudhuria, wakaanza, "Mheshimiwa, ile fedha tulikuwa tunakwenda kununua kangomba..." Mwanangu wee! Unajua mwenyewe kangomba, yaani kununua korosho vijijini nje ya ghala na mnada, inavyotazamwa mikoa hii. Maneno hayo yataandikwa kwenye mwenendo wa shauri, nawe hukuulizwa.

Nikufikishe kwenye jambo ambalo ungetamani nisiliseme. Unaweza kunyimwa dhamana. Kosa lako lenyewe lina dhamana, ndiyo maana uliipata. Lakini sheria ile ya Sura ya 20 inamtaja, miongoni mwa wasiopaswa kupewa dhamana, mtu aliyewahi kupewa na mahakama akavunja masharti yake au akatoroka. Mwendesha mashtaka ataling'ang'ania hilo, na ana haki. Kwa hiyo mjadala wa Jumatatu hiyo kwa kweli utakuwa juu ya neno moja, kama wewe ulitoroka au ulizuiwa na dharura, kisha ukaja mwenyewe. Hapo ndipo karatasi za hospitali, tarehe zilizolingana, yale mahudhurio yako 4 ya mwanzo na miguu yako mwenyewe iliyokuleta vitafanya kazi kwa pamoja. Mahakama ikikubali maelezo yako, dhamana ya zamani inaweza kuendelea au ukapewa mpya yenye masharti magumu zaidi: wadhamini wawili, barua za mtendaji wa kijiji, kitambulisho cha NIDA, pengine kuripoti kituoni kila wiki na kutotoka nje ya mkoa bila ruhusa. Jiandae na wadhamini kabla, usiwatafute ukiwa tayari kizimbani. Mahakama isipokubali, utakwenda mahabusu, na wakili wako atakuwa na njia ya Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Siwezi kukuahidi arobaini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ukija wiki mbili kabla yake una nafasi ya kuisoma ukiwa nyumbani, na ukija siku yenyewe utakuwa umewapelekea askari anwani.

Mjomba. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana barua yako imempa sentensi moja na yeye ndiye aliye kwenye moto. Mimi si Mmakonde, lakini nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba mjomba si ndugu wa kumwita tu wakati wa posa. Alisaini kwamba usipofika atalipa kiasi kilichoandikwa kwenye dhamana. Wito aliopata, kwa nijuavyo mwendo wa mambo, unamtaka aeleze kwa nini asilipe. Akikosa sababu, mahakama itamwamuru alipe. Akishindwa, mali zake zinaweza kukamatwa na kuuzwa. Na mali zisipotosha, sheria inaruhusu afungwe kifungo kisichozidi miezi 6. Yeye, kwa ajili ya fedha ambayo hata hakuiona rangi.

Basi mpigie leo, kabla hata ya kumtafuta wakili. Mwambie asiukimbie wito, maana mdhamini anayejificha huonekana mshirika. Aende, aseme alichofanya kukutafuta, alipiga simu lini, alikwenda kwa nani, alitoa taarifa wapi. Aombe muda wa kukuleta, na ataje tarehe ambayo wewe umemwahidi kwa dhati. Mahakama ina uwezo wa kumpunguzia au kumsamehe sehemu ya kiasi hicho, na hakuna hoja itakayomsaidia mbele ya hakimu kuliko wewe kuonekana mlangoni. Pia anayo haki ya kuomba ajitoe kwenye udhamini. Akifanya hivyo usimwone adui, ana mashamba ya kulinda na watoto. Na kama kuna mtu anamtishia mama yako kwamba atawekwa ndani badala yako, hilo halipo kwenye sheria. Jinai haihamishwi kwa ndugu. Mjomba anabanwa na saini yake, si na damu yake.

Kuhusu fedha ya watu. Wengi huamini wakimlipa mlalamikaji, kesi imekufa. Mlalamikaji wako sasa ni shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri, na uamuzi wa kuiondoa uko upande wa mashtaka, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Hata hivyo lipa ukiweza, hata kidogo kidogo. Mtu aliyerejeshewa fedha yake hana hasira ileile kwenye kizimba cha mashahidi, na hata ukitiwa hatiani, kurejesha huzingatiwa kwenye adhabu, nalo kosa hilo kwa Sheria ya Kanuni za Adhabu linafika kifungo cha miaka 7. Lakini malipo yapite kwa wakili au mbele ya mtendaji, kwa maandishi na saini, kila shilingi. Usimpigie mlalamikaji usiku ukalia naye kwenye simu. Kesho itasemwa ulikuwa unavuruga shahidi.

Ukikamatwa kabla hujafika, labda kwenye ukaguzi wa basi pale Nangurukuru au Mingoyo, usikimbie na usitoe kitu. Sema jina lako la kweli, sema ulikuwa njiani kwenda kujisalimisha, onyesha karatasi zako na ujumbe wa wakili anayekusubiri, kisha omba atumiwe taarifa. Usiandike maelezo ya kesi kituoni kabla hajafika. Kwa hiyo nakala za karatasi zote ziwe mfukoni mwako, asilia abaki nazo mkeo.

Siku hati itakapofutwa, usiondoke mahakamani ukicheka tu. Omba nakala ya amri ya kuifuta, yenye muhuri, uipeleke mwenyewe au kwa wakili kituo kilichokuwa na hati, na nakala nyingine itembee nawe. Hati hufutwa mezani kwa hakimu, lakini karatasi yake hubaki kwenye droo ya askari ambaye hakuwepo mahakamani.

Jumatatu hiyo vaa shati la kawaida lenye mikono, viatu visivyo na kamba, na kama unatumia dawa yoyote ibebe na cheti chake. Kunywa chai kabla. Simu mwachie mjomba, na namba ya shauri pamoja na namba ya wakili uziandike kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu mahabusu hawaruhusu simu na namba hizo huna kichwani.